Chumvi za mwili na asidi ya damu: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wa Kisumu, Nyando, Siaya, Busia, Kakamega na majirani zao, hasa wale wanaopewa karatasi ya maabara yenye herufi Na (sodiamu), K (potasiamu) na Cl (kloridi) kisha wanaambiwa tu kwamba "chumvi zimeshuka". Maswali ni yale tunayokutana nayo kliniki, kwenye foleni ya dawa na hata njiani tukielekea nyumbani. Majibu haya hayachukui nafasi ya anayekupima. Yatakusaidia kujua la kumuuliza.

Hizi chumvi za damu ni kitu gani hasa?

Ni madini yaliyoyeyuka katika maji ya mwili yakiwa na chaji ya umeme. Wataalamu huyaita elektroliti. Yaliyo makuu ni sodiamu, potasiamu, kloridi, bikaboneti, kalsiamu, magnesiamu na fosfeti. Moyo hupiga, misuli hujikunja na neva hupeleka habari kwa sababu madini haya yanaingia na kutoka kwenye seli kwa mpangilio.

Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli na potasiamu hukaa ndani. Karibu asilimia 98 ya potasiamu yako yote imo ndani ya seli, na kila seli ina pampu ya kutoa sodiamu nje na kurudisha potasiamu ndani, usiku na mchana. Mwanasayansi wa Denmaki, Jens Skou, aliieleza pampu hiyo mwaka 1957 na akatunukiwa Tuzo ya Nobeli mwaka 1997. Maabara haiwezi kupima iliyo ndani ya seli. Inapima ile kidogo iliyo kwenye damu. Ndiyo maana badiliko la namba moja tu kwenye karatasi huweza kumtia daktari wasiwasi mkubwa.

Karatasi yangu ya UEC (kipimo cha chumvi za damu na kazi ya figo) imejaa namba. Nianze kusoma wapi?

Kwa mtu mzima, sodiamu ya kawaida ni kati ya 135 na 145, potasiamu 3.5 hadi 5.0, kloridi 98 hadi 107, na bikaboneti takriban 22 hadi 28, zote kwa milimoli katika lita moja. Maabara yako itakuwa imechapisha viwango vyake pembeni. Fuata hivyo, kwa kuwa mashine hutofautiana.

Mimi huanza na potasiamu, kisha bikaboneti, kisha kreatinini inayoonyesha kazi ya figo. Potasiamu ya 6.5 inaweza kuusimamisha moyo wa mtu ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa akipiga gumzo kwenye benchi. Sodiamu ina tabia nyingine: kasi ya mabadiliko ndiyo huumiza. Mzee ambaye sodiamu yake imeshuka polepole kwa wiki kadhaa hadi 122 anaweza kuingia kliniki akitembea, na kijana aliyeshuka hadi namba hiyohiyo kwa siku moja akaletwa akiwa na degedege. Kuipandisha nako kunataka subira. Sodiamu iliyokaa chini kwa muda haipandishwi zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa saa 24, la sivyo neva za ubongo huharibika na mgonjwa akapooza. Kwa hiyo ukimwona nesi "anachelewesha" dripu ya mzee wako, muulize sababu kabla ya kuanza kulalamika.

Nimeambiwa damu ina asidi. Je, ninywe maji ya alkali yanayouzwa mjini?

Usipoteze pesa zako.

Kipimo cha asidi ya damu ni pH, na kawaida yake ni 7.35 hadi 7.45. Ikishuka chini ya hapo asidi imezidi, na hali hiyo huitwa asidosisi. Ikipanda juu ya hapo ni alkalosisi. Mwili unatengeneza asidi kila siku kwa kuunguza chakula. Mapafu hutoa karibu milimoli 15,000 za kabonidioksidi kwa siku, na figo hutoa asidi ile isiyoweza kugeuka hewa, kama milimoli moja kwa kila kilo ya uzito wako. Bikaboneti inashika zamu katikati, ikimeza asidi kabla haijaleta madhara. Chupa ya maji ya alkali ikifika tumboni inakutana na asidi kali ya tumbo na kuishia hapo. Limau halitii damu asidi, na kitunguu saumu hakiiondoi. Asidosisi ya kweli ina chanzo: kuhara sana, figo kushindwa, sukari iliyopanda kupita kiasi, malaria kali, damu kukosa oksijeni, au sumu. Kinachotibiwa ni chanzo hicho.

Soda ya kuokea kwa kiungulia nayo tunaulizwa sana. Kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya gramu moja ya sodiamu. Kwa mwenye presha, moyo dhaifu au miguu iliyovimba, hiyo ni chumvi nyingi inayoingia bila yeye kuionja, na anayeinywa kila siku anaweza kuisukuma damu upande wa alkalosisi.

Mtu akihara au kutapika, anapoteza nini?

Kuhara kunatoa maji, sodiamu, potasiamu na bikaboneti. Bikaboneti ikitoka, asidi inabaki, na ndiyo maana mgonjwa wa kuhara sana huanza kupumua kwa kina hata kama kifua chake ni kizima. Kutapika ni kinyume: kunatoa asidi ya tumbo pamoja na kloridi, damu ikaelekea kwenye alkali, na figo katika kujaribu kusawazisha zikamwaga potasiamu kwenye mkojo. Anayehara na kutapika kwa pamoja huwa na mchanganyiko wa yote mawili, na hapo kukisia bila kipimo ni hatari.

Kipindupindu ndicho kibaya zaidi. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa, na akafa siku hiyohiyo aliyoanza kuugua. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tunajua kinavyokuja: mvua inanyesha, Nyando inafurika, maji ya vyoo yanaingia kwenye visima vifupi vya Manyatta na Nyalenda, na wavuvi wanachota maji palepale ufuoni. Kinyesi kikiwa kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Anza ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari inayochanganywa na maji ya kunywa, ukiwa njiani.

ORS huchanganywaje? Kila mtu ananiambia tofauti.

Soma pakiti. Nchini kuna pakiti za nusu lita na pakiti za lita moja, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Tumeona mara nyingi mama akichana pakiti kwa meno, anamimina nusu ya unga kwenye kikombe cha chai, anakoroga kwa kidole, na ile nusu iliyobaki anaikunja vizuri na kuitia kwenye kona ya leso kwa ajili ya kesho. Nia yake ni njema, dawa isiishe. Lakini kikombe hicho kina chumvi kupita kiasi. Sodiamu ya mtoto inapanda, kiu inazidi, analia bila kutulia, na akiendelea kupewa hivyo anaweza kupata degedege. Ukiongeza maji kupita kiasi unakosea upande wa pili: sodiamu inabaki chini.

Pakiti nzima, maji yote, mara moja. Chupa ya soda ya plastiki ya nusu lita au ya lita ni kipimo kizuri kuliko kikombe, kwa kuwa ujazo umeandikwa. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotiwa dawa. Funika. Yakipita saa 24 mwaga, changanya mengine.

Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara. Wa miaka 2 hadi 10 apewe 100 hadi 200. Mpe kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea taratibu zaidi. Usiache kumnyonyesha. Pamoja na ORS, mtoto hupewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa hajatimiza miezi 6. Wengi huacha zinki mara tu kuhara kunapokoma, na ni hasara, kwa kuwa zinki inapunguza hatari ya kuhara tena katika miezi miwili mitatu inayofuata.

Kwa nini ORS ina sukari? Na je, glukosi ya mkebe haitoshi?

Utumbo una mlango maalumu unaopitisha glukosi na sodiamu kwa pamoja, na maji huzifuata. Mlango huo hubaki wazi hata wakati sumu ya kipindupindu imeuvuruga utumbo. Glukosi peke yake haina sodiamu ya kwenda nayo, na ikizidi inavuta maji kuelekea ndani ya utumbo na kuongeza kuhara. Soda na juisi za dukani zina kasoro hiyohiyo. Kwa hiyo ule mkebe wa glukosi tunaombebea mgonjwa tukienda kumjulia hali wodini haumsaidii anayehara, hata kama umeletwa kwa upendo. Mpelekee ORS na ndizi mbivu.

Fomula ya sasa ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ni ya mwaka 2002. Katika lita moja kuna gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, 13.5 za glukosi, 1.5 za kloridi ya potasiamu na 2.9 za sitreti, ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti. Angalia jinsi kila kilichopotea kinavyorudishwa na dawa ya bei ya chini kabisa.

Dawa hii ilijithibitisha kwenye matope. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika Bangaon upande wa India na kipindupindu kikawavamia. Dripu zilipoisha, Dkt. Dilip Mahalanabis aliwapa ndugu za wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na sukari wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Sina pakiti na ni usiku. Nifanyeje?

Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa ubapa wa kisu. Onja kabla ya kumpa mtoto; chumvi isizidi ya machozi. Mchanganyiko huu hauna potasiamu wala sitreti, kwa hiyo ni wa kuvukia usiku tu. Uji mwepesi uliotiwa chumvi kidogo unafaa pia. Asubuhi mtafute mhudumu wa afya wa jamii, au nenda zahanati.

Dripu si bora kuliko ya kunywa?

Kwa anayeweza kumeza, hapana. Dripu ni ya aliyezirai, aliyelegea asiyeweza kunywa, anayetapika kila anachopewa, au ambaye macho yameingia ndani na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole sana. Huyo anahitaji maji ya Ringer haraka na kwa wingi. Watu wengine wanakuja wakidai "niwekewe maji" kwa sababu ya uchovu tu. Tunawakatalia, na tuna sababu.

Sababu mojawapo ni utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Kati ya hospitali zilizoshiriki ni Mbale na Soroti, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, wengi wakiwa na malaria, walifuatiliwa. Waliopewa maji mengi ya haraka kwa mshipa walikufa kwa asilimia 10.6 ndani ya saa 48. Wasiopewa, asilimia 7.3. Watoto wenye kuhara hawakuwemo katika utafiti huo, kwa hiyo usiutumie kumnyima dripu mwenye kipindupindu. Unachofundisha ni kwamba maji kwa mshipa ni dawa, na dawa hutolewa kwa sababu.

Mtoto aliyekonda sana akihara, naye apewe ORS ya kawaida?

Asipewe kiholela. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana sodiamu nyingi iliyonaswa mwilini na potasiamu kidogo mno, hata kama karatasi inaonyesha kinyume. Hospitalini hupewa mchanganyiko maalumu uitwao ReSoMal, wenye sodiamu pungufu na potasiamu zaidi, isipokuwa kama ni kipindupindu. Chakula chake pia huanza kidogo, kwa maziwa ya F-75. Akishindiliwa chakula ghafla, fosfeti, potasiamu na magnesiamu huingia ndani ya seli kwa pamoja, damu ikabaki tupu na moyo ukashindwa. Shangazi na nyanya wanaomhurumia waelezwe hili kwa upole, kwa maana ndio humwingizia ugali na samaki muuguzi akigeuka.

Nakata miwa Muhoroni juani kutwa. Ninywe maji kiasi gani?

Kunywa ukisikia kiu, na kula chakula chenye chumvi mchana. Jasho lina sodiamu. Anayetokwa na jasho saa nyingi na kujaza maji matupu lita kwa lita, kupita kiu yake, huishusha sodiamu ya damu. Dalili ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa, na wenzake humwongezea maji wakidhani amekaukiwa! Miongoni mwa wakimbiaji waliopimwa mwishoni mwa mbio za Boston za mwaka 2002, asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini, na waliokuwa wameongezeka uzito wakikimbia ndio walioonekana kuwa hatarini zaidi.

Vijana wanaotoka huku ziwani, mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwenda kufanya mazoezi Iten kwenye mita 2,400, huuliza kwa nini siku za kwanza wanahema na kukojoa sana. Hewa ni nyepesi, unapumua zaidi, kabonidioksidi inashuka na damu inaelekea kwenye alkali. Figo zinamwaga bikaboneti kusawazisha. Baada ya siku chache hutulia.

Dawa zangu za presha zinaweza kuvuruga chumvi hizi?

Ndiyo, na ndiyo sababu tunakuomba urudi kupimwa damu hata ukijisikia mzima. Dawa za kukojoa kama frusemide na hydrochlorothiazide huteremsha potasiamu. Hydrochlorothiazide inaweza pia kuteremsha sodiamu, hasa kwa akina nyanya wembamba. Enalapril, losartan na spironolactone huipandisha potasiamu. Septrin, ambayo watu wengi hapa kwetu wameitumia kwa miaka, nayo inaweza kuipandisha. Ukiwa unahara au unatapika huku unatumia enalapril, losartan au dawa ya kukojoa, piga simu kliniki siku hiyo uulize kama uzisitishe kwa muda. Usiamue peke yako kuziacha moja kwa moja.

Potasiamu ikipanda, nitajuaje?

Mara nyingi hutajua. Wengine husikia miguu mizito, ganzi, au moyo kuruka mapigo. Kipimo cha umeme wa moyo ndicho huonyesha haraka. Hospitalini hutolewa kalsiamu ya mshipa kuulinda moyo, kisha insulini pamoja na glukosi, na mvuke wa salbutamol, ili kuirudisha potasiamu ndani ya seli. Hizo hununua saa chache tu. Ile iliyozidi lazima itoke, ama kwa mkojo ama kwa mashine ya kusafisha damu.

Na ikishuka?

Udhaifu, misuli kukaza, kukosa choo, moyo kwenda kombo. Ndizi na parachichi husaidia ikiwa imeshuka kidogo na figo ni nzima. Ikiwa chini ya 2.5, ni ya hospitali. Potasiamu ya mshipa hutiwa ndani ya dripu na kwenda polepole. Ikisukumwa kwa sindano moja kwa moja inaua. Na kama haipandi licha ya dawa, omba magnesiamu ipimwe, maana hiyo ikiwa chini potasiamu inaendelea kupotea kwenye mkojo.

Mama mkwe ana ugonjwa wa figo, lakini hali mboga bila musherekha. Ana hatari?

Anayo, na hili lingepaswa kusemwa katika kila kliniki ya figo kuanzia Vihiga hadi Bungoma. Musherekha ni maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, maganda ya ndizi au mimea mingine. Kinachoyeyuka kutoka kwenye majivu hayo kwa wingi ni kaboneti ya potasiamu. Kwa mwenye figo nzima, mrenda na kunde zilizolainishwa nayo hazina neno: ni chakula chetu, ni kitamu, na sina nia ya kukikashifu. Kwa figo zilizochoka, ni potasiamu juu ya potasiamu iliyomo kwenye mboga yenyewe. Magadi nayo ni sodiamu, kwa hiyo kubadilisha musherekha na magadi kunamtoa mama kwenye shida ya moyo na kumtia kwenye presha na kuvimba. Ile "chumvi ya watu wa presha" inayouzwa madukani mara nyingi ni kloridi ya potasiamu, na kwake ni mbaya zaidi ya yote.

Zungumza naye kwa heshima. Usimwambie mbele ya wajukuu kwamba chakula chake ni sumu. Mboga zichemshwe kwa maji mengi, maji yamwagwe, kisha zikaangwe kwa kitunguu na maziwa kidogo. Viazi vikatwe vidogo, vichemshwe, maji yamwagwe. Maharagwe, ndizi, parachichi na machungwa yapunguzwe kulingana na namba zake za mwezi huo.

Matokeo yanaweza kuwa ya uongo?

Yanaweza, na potasiamu ndiyo hudanganya zaidi. Mkono ukifungwa mpira kwa nguvu kwa muda mrefu, mgonjwa akakunja na kukunjua ngumi mara nyingi, au damu ikavutwa kwa kasi kupitia sindano nyembamba, misuli ya mkono humwaga potasiamu yake au chembe za damu hupasuka na kumwaga yake. Vilevile chupa ya damu iliyotolewa zahanati saa mbili, ikakaa kwenye kisanduku cha barafu ikingoja boda hadi mchana, huonyesha potasiamu iliyopanda hata kama mgonjwa yuko sawa. Namba ikikushtua na mgonjwa hana dalili wala tatizo la figo, omba kipimo kirudiwe mara moja, na moyo upimwe wakati unangoja. Usilale na karatasi hiyo mfukoni.

Mgonjwa anapumua kwa nguvu lakini kifua ni safi. Ni nini?

Hapo fikiria asidi. Mapafu yanajaribu kuiondoa kwa kutoa kabonidioksidi nyingi.

Kwa mwenye kisukari, pumzi ndefu na nzito pamoja na kiu, kukojoa sana, tumbo kuuma na harufu kama ya matunda yaliyoiva mno mdomoni ni dalili ya asidi za ketoni. Kosa linaloleta wengi hospitalini ni kuacha insulini kwa sababu "hajala". Mgonjwa wa insulini akiugua anaihitaji zaidi. Usiache bila kuongea na kliniki. Wodini hupewa maji, insulini na potasiamu. Huenda potasiamu ikaonekana ya kawaida mwanzoni, lakini insulini ikianza kazi inaisukuma ndani ya seli na kuiporomosha. Ikiwa tayari iko chini ya 3.3, hupandishwa kwanza kabla ya insulini.

Kwa mtoto mwenye homa huku kwetu ziwani, pumzi za kina zinaweza kuwa malaria kali. Vimelea huziba mishipa midogo, tishu zinakosa oksijeni na asidi ya laktiki inajaa. Usimpe dawa ya kikohozi kutoka kwa kemisti. Mkimbize hospitali apimwe, apewe atesuneti ya sindano, na damu ikiwa imepungua sana.

Alikunywa pombe ya kienyeji jana, leo haoni vizuri.

Ichukue kama sumu ya methanoli mpaka ithibitishwe vingine. Mwili huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, inayoua neva za macho na kuitia damu asidi kali. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24, kwa hiyo watu hudhani ni hangova. Mpeleke hospitali yenye mashine ya kusafisha damu, na uwatafute wote walioketi naye, hata wasiolalamika. Usijaribu kumtibu kwa pombe nyingine nyumbani.

Binti akipata hofu, vidole vinakakamaa. Ni mapepo?

Si mapepo. Akipumua haraka kwa hofu, kabonidioksidi inashuka, damu inaelekea alkali, na kalsiamu iliyo huru kwenye damu inapungua. Midomo inawasha, vidole vinajikunja. Kaa naye, ongea kwa sauti ya chini, mwongoze apumue polepole. Mfuko wa karatasi usoni hatupendekezi. Akirudiwa bila hofu yoyote, kalsiamu ipimwe.

Nina mimba, natapika kila kitu, na ninatamani odowa.

Kutapika hadi mkojo uwe mweusi na kizunguzungu kikushike kunahitaji hospitali: potasiamu na kloridi hushuka, na vitamini B1 hupewa kabla ya dripu ya glukosi ili ubongo usiumie. Odowa, ule udongo wa kula, tunajua inauzwa kila soko, Kibuye hadi Luanda. Udongo unaweza kushika madini ya chuma na potasiamu tumboni na kukuzuia kuyapata. Mwambie nesi kiasi unachokula bila aibu. Wengi wanaokula huwa na upungufu wa damu unaotibika, na hamu hupungua ukitibiwa.

Mafuriko yamekata barabara na siku ya baba ya kusafishwa damu imepita. Tufanye nini?

Piga simu kwenye kitengo chake leo, usingoje maji yashuke. Uliza kama kuna nafasi upande mwingine, Kisumu, Siaya, Busia au Kakamega, kulingana na barabara iliyo wazi, na kama bima yake ya afya ya SHA inaweza kutumika huko. Vitengo vingi havimpokei mgeni bila majibu ya homa ya ini B na C na ya virusi vya ukimwi, kwa hiyo beba karatasi hizo, pamoja na namba ya uzito wake wa kawaida baada ya kusafishwa na UEC ya mwisho. Karatasi hizo zipigwe picha kwenye simu sasa hivi, kabla ya mvua ijayo.

Wakati mnangoja, aache matunda, maharagwe, viazi, supu na maziwa. Ale wali au ugali na yai, kwa kiasi. Maji apimiwe kikombe alichopangiwa, asizidishe. Miguu ikilegea, moyo ukiruka, au akishindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, mpelekeni hospitali yoyote iliyo karibu, hata isiyo na mashine. Kalsiamu, insulini na mvuke wa salbutamol vinaweza kumshikilia hadi apatiwe gari la wagonjwa.